Harufu ya Shimo la Woma

Kangaruu alitokea upande wa kushoto, akaruka mara moja, na hakuruka tena.

Bahizire alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari la kanisa, Hiace nyeupe, liliyumba kwenye barabara ya vumbi, likachora nusu duara na kusimama pua ikiwa imeingia kwenye mtaro. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa. Kioo cha mbele kilikuwa kimepakwa damu na manyoya ya kijivu, na kipande cha utumbo kilining'inia kwenye wipa kikichezacheza na upepo.

Waceke alikiona kutoka kiti cha nyuma. Alifungua mlango, akainama, akaitapika chai yote aliyokunywa.

"Pole, dada," Bahizire alisema. "Sasa nesi gani anaogopa damu?"

"Siogopi damu. Nachukia utumbo."

"Mumuache mutoto ya watu," alisema Mama Honorine kutoka kiti cha mbele. "Wewe shuka, uangalie gari."

Walikuwa watatu tu. Mama Honorine, mwenye miaka sitini na moja, alikuwa mtu wa Bukavu aliyehamia Sydney kama mkimbizi. Kaka yake, Révérien, alikuwa amefariki katika mji mdogo wa machimbo ya vito vya opali, jangwani, mwendo wa siku mbili kutoka Sydney. Bahizire, mwana wa Mama Honorine, kazi yake ilikuwa kubeba makontena kwa lori kutoka bandari ya Port Botany hadi maghala ya Wetherill Park, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa dereva. Waceke alikuwa Mkenya, nesi katika nyumba ya wazee. Miaka mitatu iliyopita alipofika Sydney bila ndugu, ni Mama Honorine aliyemkuta akilia nyuma ya kanisa, akamchukua nyumbani na kumlisha. Sasa mama alikuwa na presha na alihitaji mtu wa kumwangalia njiani. Waceke hakuweza kukataa. Kusema kweli, hakuwa mtu wa kukataa jambo lolote.

Bahizire alifungua boneti. Miguu ya nyuma ya kangaruu ilikuwa imekwama ndani ya grili, na chini yake rejeta ilitoa mvuke. Alimvuta mnyama kwa mkia hadi akatoka na sauti ya kitambaa kinachochanika. Inzi walikuwa wameshafika. Waceke hakuelewa walitoka wapi, kwa sababu pande zote hakukuwa na kitu ila mchanga mwekundu, vichaka vya kijivu, na mbingu.

"Inavuja kidogo tu," Bahizire alisema. Alipaka sabuni kwenye ufa, akachukua dumu la njano la lita ishirini, akamimina maji ndani ya rejeta. Akawasha gari. Likaenda mita mia mbili, likachemka. Akamimina tena. Mara ya tatu dumu lilikuwa tupu, na maji yote yalikuwa yamekuwa mstari mweusi nyuma yao, ukikauka.

"Sawa," alisema. "Iko dumu ya pili. Ile hatugusi, ni ya kunywa."

Mama Honorine alimtazama. "Bahizire. Ile ni mawese."

"Mawese ni nini?" Waceke aliuliza, ingawa alijua. Mafuta ya mawese alikuwa ameyala nyumbani kwa mama mara nyingi.

"Nilisema tubebe mawese ya kutosha. Kilio ya Révérien itakuwa na watu mingi. Utaenda kwa kilio mikono mitupu?"

Bahizire alifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na mafuta mekundu, mazito, hadi juu. Waceke alikumbuka asubuhi ya kuondoka kule Fairfield, mtaani kwao Sydney, madumu mawili ya njano yanayofanana yakipakiwa. Alikuwa ametaka kuuliza lipi ni la maji. Akaona haya kuwauliza watu wazima jambo dogo kama hilo.

Simu zote tatu hazikuwa na mtandao.

*

Kulikuwa na sanduku la barafu. Mama Honorine alikuwa amenunua tilapia kilo kumi na tano sokoni Cabramatta, akazipanga katikati ya barafu, za kupikia waombolezaji. Waceke alipofungua saa nne, barafu ilikuwa imeyeyuka karibu yote. Samaki walielea kwenye maji ya rangi ya waridi, yenye magamba na ute. Harufu ilimpiga usoni.

"Haya ndiyo maji yetu," alisema polepole.

"Hapana," Bahizire alisema. "Hiyo hapana."

"Maji ya rejeta yamechanganyika na dawa ya kupozea injini, yatatuua. Haya yatatutapisha tu. Leta sufuria."

Sufuria ilikuwepo, kubwa ya kupikia watu hamsini, kwa ajili ya kilio. Walichuja maji kwa kitenge cha mama, wakawasha vijiti, wakachemsha. Juu likatanda povu la kijivu. Yalipatikana kama lita saba. Waceke alipokunywa kikombe cha kwanza, kikiwa bado vuguvugu, alihisi ute ukipita kooni kama kidole cha mtu mwingine. Aliziba pua, akameza, akaziba mdomo kwa kiganja ili kisirudi.

"Mimi nimeshakunywa ya ziwa wakati wa vita," Mama Honorine alisema, akanywa chake bila kukunja uso. "Ile ilikuwa na mambo mabaya kupita samaki."

Waceke alichukua pakiti ya dawa za mama, akatenga kidonge kimoja cheupe. "Hiki ni cha kukukojoza, Mama. Leo hukinywi. Mkojo wako tunauhitaji ubaki ndani."

"Sasa wewe unajua kusema," mama alicheka.

Kufikia saa saba hakukuwa na kicheko. Ndani ya Hiace mtu hangeweza kugusa chuma. Chini ya gari joto lilipanda kutoka mchangani. Mti pekee ulikuwa wa jamii ya mgunga, mwembamba, uliosimama juu ya ukingo wa udongo mwekundu hatua arobaini kutoka barabarani, na kivuli chake kilikuwa na matundu kama wavu. Walimlaza mama hapo. Saa nane Waceke aligusa shingo yake. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu. Jasho lilikuwa limekoma.

"Révérien," mama alisema, akimtazama Bahizire. "Umekonda sana."

Bahizire alirudi nyuma hatua moja. "Nesi, anakufa?"

Waceke alikuwa anautazama ukingo. Chini ya mizizi kulikuwa na matundu kadhaa, ya sungura wa zamani, mengine yamebomoka.

Katika nyumba ya wazee kulikuwa na Bwana Ronnie, mwenye miaka themanini na minane, aliyepofuka. Alikuwa na kitabu kimoja cha nyoka, na kila jioni Waceke alimsomea akiwa ameshika kurasa kwa ncha za vidole, kwa sababu picha zilimkirihi. Sura aliyoipenda mzee ilikuwa ya woma, chatu wa jangwani. Joto likizidi kimbilia chini kama yeye, alikuwa anasema mzee, huko chini jangwa ni nchi nyingine. Waceke alikuwa anaitikia tu ili wamalize.

Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye tundu kubwa kuliko yote, hadi kiwiko, hadi bega. Vidole vilifika mahali penye baridi. Baridi ya kweli, kama sakafu ya jikoni alfajiri.

Kisha kitu kikavu kikamshika mkono. Aliuchomoa akipiga kelele. Ngozi ya nyoka, nyembamba kama karatasi ya kitunguu, ilikuwa imemgandia kwenye jasho kuanzia kifundo hadi kwapa, na kila alipoibandua ilichanika na kubaki vipande vipande. Ilikuwa na magamba yaliyoonekana kama macho madogo. Alijikuna hadi akatoka damu.

"Humo mna nyoka," Bahizire alisema.

"Najua." Alijipangusa mkono kwenye sketi. "Lete kifuniko cha sufuria. Chimba."

*

Walichimba kwa kifuniko na kwa mikono. Udongo wa juu ulikuwa mchanga, lakini chini ya mizizi ulikuwa mgumu na ulisimama. Walipofika kina cha kiuno, ukuta wa nyuma ulitoboka kuingia kwenye njia nyingine ya sungura, na harufu ikatoka. Ilikuwa harufu ya kitu kilicholowa na kusahauliwa. Mikojo, na manyoya yaliyooza, na juu yake utamu fulani unaokwama nyuma ya ulimi. Waceke alikuwa amebadilisha nepi za wazee miaka mitatu. Hakuwahi kunusa kitu kama kile.

Nyuma ya harufu akaja mwenyewe.

Kichwa kilikuwa chembamba, cha rangi ya manjano iliyochafuka, bila shingo, kama kidole gumba kirefu. Mwili uliofuata ulikuwa na mapete ya kahawia na rangi ya mchanga, mnene kama mkono wa Bahizire, na umejaa makovu. Palipokuwa na kovu magamba yalikuwa yameota ovyo, kama ukurutu. Ulimi ulitoka, ukaonja hewa, ukaingia.

Bahizire aliinua spana ya magurudumu.

"Wacha!" Waceke alipaza sauti hadi mwenyewe akashtuka. "Weka chini hiyo spana!"

"Dada, ni nyoka!"

"Ni woma. Hana sumu. Anakula wale wenye sumu, na ukimuua hawa wengine watahamia hapa kwa mama. Weka chini, nimesema!"

Bahizire alikuwa hajawahi kusikia Waceke akisema sentensi tatu mfululizo. Alishusha spana. Nyoka alibaki nusu nje, nusu ndani, kana kwamba anangoja waamue. Halafu alirudi nyuma, pete baada ya pete, akapotelea kwenye tundu la pembeni. Sauti ya tumbo lake ikisugua udongo ilimfanya Waceke ashike shingo yake mwenyewe.

Walimwingiza Mama Honorine kinyumenyume, mgongo ukiegemea udongo wa baridi, wakamfunika kichwa na kitenge kilicholoweshwa maji ya samaki. Waceke aliingia naye. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Udongo ulimwingia kwenye nywele, mdudu mwenye miguu mingi alimpita shingoni, na harufu ilimkaa puani kama pamba. Alimshika mama mkono, akahesabu mapigo, akahesabu tena. Baada ya saa moja paji la uso la mama lililowa jasho.

"Kunanuka humu," Mama Honorine alisema.

Waceke alilia kwa furaha.

Jua lilipoinama, woma alitoka upande wa pili wa ukingo. Walimwona akipanua mlango wake. Alikiingiza kichwa mchangani, akakikunja kama koleo, akavuta nyuma akiwa amebeba mchanga kwenye kona ya shingo, akautupa, akarudi. Alifanya hivyo muda mrefu bila haraka, kama mtu wa zamu anayejua saa ya kutoka. Kisha akalala mlangoni akitikisa ncha ya mkia, polepole, ile ncha nyembamba ikajinyonganyonga mfano wa funza. Mjusi mmoja alikuja kuutazama. Hakuondoka tena.

"Hiyo nyoka inavua," Mama Honorine alisema kwa heshima.

Waceke aligeuza uso. Lakini alikuwa ameona, na hakuweza kuacha kuona, jinsi miguu ya mjusi ilivyoendelea kupiga mbio hewani.

*

Jumamosi asubuhi samaki walikuwa wameanza kutembea. Ndivyo ilivyoonekana; funza weupe waliwafanya watikisike. Bahizire alizika sanduku zima, akarudi akitema mate ambayo hayakuwepo. Maji yalibaki vikombe sita. Sehemu ya usiku wa baridi alikuwa ameipitisha akimimina mawese kwenye tairi la akiba, na kulipopambazuka walilichoma. Moshi mweusi ulipanda kama nguzo. Walingoja. Tairi likaisha.

"Mbona hawaji?" Waceke aliuliza. "Méthode alijua tunafika jana. Lazima aliwaambia polisi."

Méthode alikuwa mtoto wa marehemu, na ndiye aliyekuwa akiwangoja. Bahizire alichora mchangani kwa kidole.

"Bahizire. Alipokupigia pale kituo cha mafuta, saa kumi na moja alfajiri, ulimwambia tuko wapi?" Waceke aliuliza.

"Nilimwambia..." Alifuta alichochora. "Nilimwambia tumekaribia. Tuko hapo tu."

"Na tulikuwa wapi?"

"Ilibaki kama kilomita mia nne. Halafu nikachukua hii njia ya mkato."

Waceke alifumba macho. Aliwaona polisi wakizungukazunguka nje ya mji ule, wakichungulia mitaro iliyo hapo tu.

"Mtu iko na kilio huwezi kumwambia uko mbali," Mama Honorine alisema kutoka shimoni, kwa sauti nyembamba. "Unamupa moyo. Mimi pia ningesema vile."

"Nitatembea," Bahizire alisema akisimama. "Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi."

"Utatembea ufie wapi, nikutafute na nani?" Waceke alisema. " Kaa chini. Ukitaka kutengeneza, fungua matairi mengine mawili."

Alikaa. Mabega yake yalitikisika kidogo, na Waceke akajifanya anapanga vikombe.

Mchana ule ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Wote watatu walijibana shimoni, Waceke akiwa katikati, mama ukutani. Midomo ilikuwa imepasuka na inzi waliingia kwenye mipasuko kunywa. Ilikuwa kama saa kumi, mwanga ukianza kuingia kwa mshazari, Bahizire alipomgusa goti na kunong'ona, "Usisogee."

Nyoka mwingine alikuwa mlangoni mwa shimo lao. Huyu alikuwa wa kahawia, mwenye kung'aa, kichwa kipana, na hakuwa na pete hata moja. Waceke alimjua kutoka ukurasa wa kitabu wenye alama ya fuvu. Alikuwa anatafuta kivuli kama wao. Alipanda juu ya kiatu cha Bahizire. Akapita kwenye paja la Waceke. Uzito wake ulipita kupitia sketi, baridi na laini, na kibofu cha Waceke kikaachia yale machache yaliyokuwemo. Hakusogea. Mama Honorine alikuwa amelala, mkono wake mtupu umefunguka njiani, kiganja juu, karibu kabisa na tundu la pembeni. Nyoka alikiendea kile kiganja. Akasimama. Ulimi ukagusa kidole.

Kutoka tundu la pembeni kichwa cha manjano kilitoka mara moja tu na kumkamata nyuma ya shingo.

Hapakuwa na nafasi ya kumviringisha. Woma alifanya kile Waceke alichowahi kumsomea Bwana Ronnie kwa sauti ya kuchoka: alimvuta mwenzake ndani ya tundu, akambana kwa mwili wake kwenye ukuta, akasukuma. Yule wa kahawia alimuuma, akamuuma tena, pale pale kwenye makovu. Sumu haikumzuia woma; akaendelea kusukuma. Nyuma ya udongo, unene wa kiganja kutoka sikio la mama, kulisikika mlio wa kitu kikivunjika kidogokidogo, kama mtu anayetafuna mifupa ya kuku taratibu. Kisha kimya. Kisha mlio mwingine, wa majimaji, wa kumeza. Uliendelea karibu nusu saa. Harufu ile tamu ilijaza shimo.

Mama Honorine alifungua macho. "Nani anakula?"

"Jirani, Mama," Waceke alisema. "Lala."

Alitapika kwenye kiatu cha Bahizire. Hakikutoka kitu ila nyongo. Bahizire hakuuvuta mguu.

*

Jumapili, saa moja asubuhi, walichoma matairi mawili kwa mpigo na kumwaga mawese yote yaliyobaki. Moto uliruka juu kuliko mti. Moshi ulikuwa mnene, wenye mafuta, ukawapaka nyuso masizi. Maji yalikuwa yamebaki kikombe kimoja na Waceke alimnywesha mama kwa kijiko, kijiko kwa kijiko, akimwambia habari za barabara za Fairfield ili asiondoke na Révérien.

Ndege ndogo ilipita upande wa kusini, ikaenda. Bahizire alivua shati, akapunga, akaanguka. Ndege ikageuka.

Gari la polisi lilifika baada ya muda wa saa tatu, na la wagonjwa nyuma yake. Askari wa kike alishuka, akaona shimo, akaona mama akitolewa ndani yake akiwa mwekundu wa udongo kama mtoto mchanga, akavua kofia.

"Ijumaa na Jumamosi tulitafuta karibu na mji," aliwaambia. "Mpaka jana jioni yule kijana wenu, Méthode, akaja kituoni akatupigia meza. Akasema: 'Hawa ni watu wangu, nawajua. Wakisema wako hapo tu, wako mbali sana. Tafuteni mbali.' Nikamuuliza mbali kiasi gani. Akasema, 'Kaka Bahizire akisema dakika kumi, wekeni siku nzima.'"

Bahizire aliketi mchangani, akafunika uso. Haikujulikana kama anacheka au analia.

"Wamemuzika Révérien?" Mama Honorine aliuliza. Waceke alitafsiri.

"Wamekataa kumzika kabla hamjafika," askari alisema.

Kabla ya kuondoka Waceke alirudi kwenye ukingo peke yake. Woma alikuwa amelala mlangoni kwenye jua la asubuhi, tumbo limevimba katikati, alama mpya za meno zikiwa zimekauka kwenye ubavu. Alikuwa wa kuchukiza vilevile. Waceke alimtazama kwa muda ambao hangemtazama juzi, mikono yake nyuma. Aliinusa mikono. Alijua hata angeiosha mara ngapi, bado ingenuka. Kitabu cha Bwana Ronnie kilisema urefu, uzito, idadi ya mayai na jinsi jike anavyojizungusha kuyalinda. Hakikusema chochote juu ya harufu. Yeye ndiye angemweleza. Mzee angetaka kujua, na safari hii asingeshika kurasa kwa ncha za vidole.

Aliuzibua mlango wa tundu la pembeni walioubomoa, akafanya hivyo kwa mikono mitupu, akaenda garini.

Ndani ya gari la wagonjwa Mama Honorine alikuwa na dripu mkononi na macho yamefumba. Walikuwa wameshaingia lami waliposikia simu ya Bahizire ikilia, mara ya kwanza kwa siku tatu. Ilikuwa Méthode. Kelele za watu wengi zilisikika nyuma yake, na wimbo.

"Kaka! Muko wapi?"

Bahizire alifungua mdomo. Waceke aliona lile neno likimfikia ulimini, akalitazama likirudi. Bahizire aligonga kioo cha dereva, akauliza, akangoja jibu.

"Kilomita mia tatu na kumi na mbili," alisema kwenye simu. "Lakini kwanza tunapita hospitali. Leo hatufiki, Méthode. Musitungojee na chakula."

Upande wa pili mtu alipiga kigelegele, na wengine wakamfuata, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia mtu wa nyumba ile akikiri kuwa yuko mbali, na wakajua ni wazima.

Mama Honorine hakufumbua macho.

"Na umuambie," alisema, "mawese imeisha."